Anza na Miguu, Salamu Baadaye

Magongo, Changamwe,
Mombasa.
Jumapili, 20 Machi 1949

Mpendwa mwanangu Randu,

U hali gani, mwanangu? Baridi imepungua huko? Wenyeji wako hawajambo wote? Nina matumaini kwamba barua hii itakukuta ukiwa mzima wa afya. Sisi huku hatujambo. Baba yako hajambo, mama yako Mapenzi hajambo, mimi shangazi yako na mume wangu Ngumbao pia hatujambo, tunamshukuru Mungu. Mvua ya masika bado haijanyesha, lakini watu wameshaanza kutayarisha mashamba.

Hapo nimeweka kalamu chini nikayasoma niliyoandika. Ati hatujambo! Ngumbao hajala chakula cha maana tangu mwezi uliopita. Mimi juzi nilipiga pasi shati lake nikaliunguza mgongo mzima, nimesimama naliangalia linavyofuka moshi. Halafu nakuandikia kwamba hatujambo. Mkono umejiandikia wenyewe kwa mazoea. Nilitaka kuyakata maneno yale, lakini nimeyaacha makusudi uyaone, maana ndiyo yaliyonikalisha hapa mezani leo baada ya kanisa.

Hatuko wazima, Randu. Tangu mwanangu Florence afe huko ugenini, hakuna aliye mzima nyumbani humu.

Barua yako ya mazishi tuliipata wiki iliyopita. Mungu akubariki kwa uliyoyafanya. Ulipanda gari la moshi peke yako, kijana wa miaka kumi na saba, ukaenda mpaka mji wa watu ukasimama kaburini kwa niaba ya ukoo wote. Umesema udongo ulikuwa mgumu kwa baridi hata wakatumia sururu, na kwamba wenyeji walipomaliza nyimbo zao wewe uliimba wimbo mmoja wa Kigiriama, hukutaka azikwe kwa lugha ya ugenini tu. Baba yake, Ngumbao, alitaka nimsomee mahali hapo mara tatu. Ndipo alipolia, na tangu siku ile simu ya upepo ilipotuletea habari ya kifo alikuwa hajalia.

Lakini barua yenyewe ilikuwa ya kurasa mbili, na ukurasa wote wa kwanza ulikuwa salamu. Wewe hujambo, wenyeji wako hawajambo, hata paka wa nyumba hajambo. Kisha chini kabisa, pembeni, kwa herufi ndogo, ukaandika kwamba vidole vya miguu vimevimba kwa baridi, vimekuwa vyekundu na kupasuka, na kiatu cha kushoto hakiingii, lakini si neno. Nilipofika hapo nilipiga ukelele hata Bi Suad, jirani yangu, mke wa Aidarus mwenye duka, akaja mbio na mkono wenye unga.

Nataka ujue kwa nini nilipiga ukelele. Nisikilize vizuri, mwanangu, jambo hili si jepesi kwangu kuliandika.

Unakumbuka mwaka jana kamati ya kanisa ilipowachagua nyinyi wawili, wewe na Florence, mkakae mwaka mmoja kwa jamaa za Kikristo huko Uingereza na kusoma katika shule zao. Wazee walisema Kafedha ndiye atakayewafunda, kwa kuwa alikuwa yaya kwa Wazungu kule Likoni miaka minane. Nikavimba kichwa! Changamwe nzima nani aliyezijua nyumba za Wazungu kunishinda mimi? Kila Jumamosi alasiri nikawakalisha barazani kwa Mwalimu Nicanor, uma mkono wa kushoto, kisu mkono wa kulia, na viazi vya kuchemsha. Nami nimevaa kofia ya mwalimu, najifanya bibi mwenye nyumba. Kiazi chako kiliruka kikatumbukia katika kikombe cha Babu Lewa, na mzee wa watu akainywa chai yake vivyo hivyo asituaibishe.

Unaikumbuka na ile Jumamosi ya pilipili. Mimi ndiye niliyeitia ndani ya mchuzi, kiganja kizima. Nikawaambia mle, kisha nikawauliza kwa sauti ya bibi: hamjambo? Chakula kizuri? Sharti lilikuwa mtabasamu na kujibu kwamba hamjambo na chakula kizuri sana, ahsante. Wewe ulikohoa, ukatema, ukakimbilia mtungi ukatia kata kinywani na kichwa karibu kiingie. Nikakukaripia mbele ya watu, nikasema utatutia haya.

Florence hakuondoka kitini. Machozi yalimtiririka mpaka kidevuni, kamasi nazo, na bado ametabasamu. Akasema, "Sijambo, mama. Chakula kizuri sana, ahsante."

Nilimpigia makofi, Randu. Nilimkumbatia nikasema mwanangu sasa yuko tayari.

Bi Suad alikuwa amekuja kuazima ungo, amesimama mlangoni. Hakucheka. Akaniambia, "Kafedha, umemfunda kushika uma, umemfunda kushukuru. Na kusema 'naumwa', hilo utamfunda lini?" Nikamjibu kwamba mgeni hamtwiki mwenyeji maradhi yake. Akasema, "Haya, wewe ndiwe ujuaye Wazungu," akachukua ungo wake akaenda zake.

Mwisho wa Januari ilikuja barua ya Florence. Niliisoma kwa sauti barazani kama kawaida, watu wamekaa wanasikiliza. Salamu tele, akamtaja kila mtu, hata mbuzi wangu. Na mwisho wa karatasi aliandika kwamba kifua kinambana siku kadhaa, na usiku anasikia baridi hata akivaa koti kitandani, lakini hajamwambia mwenyeji wake, Bibi Whitlow, maana Bibi Whitlow ni mwema mno kwake na hataki kumsumbua. Aliniuliza: mama, nifanyeje?

Aliniuliza, Randu. Alivuka bahari kwa karatasi kuniuliza mimi.

Nikamjibu siku ile ile, nikaipeleka barua posta mwenyewe iende kwa ndege. Nilimwambia avumilie. Nilimwambia ajipake mafuta kifuani, anywe maji ya moto, na asimsumbue mama wa watu, maana atarudi nyumbani siku moja na jina atakaloliacha kule ndilo watakalopokewa nalo wasichana watakaofuata. Nilimwambia akumbuke mchuzi wa pilipili.

Simu ilifika tarehe kumi na mbili Februari. Baada ya hapo ndipo ikaja barua ya Bibi Whitlow, na Mwalimu Nicanor akatusomea kwa Kiswahili. Bibi yule anasema kila asubuhi alikuwa akimwuliza Florence hali yake, na kila asubuhi Florence alijibu kwamba hajambo na kushukuru, huku akitabasamu. Hata alipoona amekonda alimwuliza, akajibiwa vivyo hivyo. Siku aliyoanguka ngazini ndipo walipomshika wakaona mwili wote ni moto. Daktari alisema mapafu yamekwisha kujaa, na kwamba angalipelekwa siku chache mapema dawa ingalimsaidia.

Huyo bibi simlaumu hata chembe. Kwao ukiulizwa hali ukajibu hujambo, habari imekwisha. Kwetu, kama ujuavyo, ndiyo kwanza tumebisha hodi. Mtu atasema hajambo, ataulizwa habari za nyumbani, atasema njema, ataulizwa za watoto, za shamba, na mara ya nne au ya tano ndipo atakapotazama chini aseme, lakini jana tulizika. Florence alikuwa akingoja kuulizwa mara ya pili, na ya tatu. Nilikaa nao miaka minane nisilione jambo hilo, kwa kuwa yaya haulizwi mara ya pili. Mara ya kwanza yenyewe haulizwi sana. Adabu niliyowapa ilikuwa ya mlango wa jikoni. Niliwafunda utumishi nikidhani nawafunda ugeni.

Sasa nakuambia lililobaki. Ndani ya bahasha Bibi Whitlow alirudisha barua yangu. Aliikuta chini ya mto wa Florence, imekunjwa mpaka imelegea. Anasema ilifika siku tatu kabla ya kufa, na mtoto aliishika hata alipokuwa hana nguvu za kushika kikombe. Yeye hasomi Kiswahili. Akaomba kwa upole, kama si vibaya, tumjulishe ni maneno gani ya faraja mama alimwandikia mwanawe.

Mwalimu Nicanor aliisoma barua yangu kimya, akavua miwani. Akaniambia, "Mama Florence, nimwandikie kwamba ilikuwa sala?"

Nikamwambia aandike ilivyo, neno kwa neno, na mafuta, na pilipili. Bibi yule analia kule akidhani hakumwangalia vizuri mtoto wa mwenziwe. Sitamwachia mzigo wangu. Ngumbao nilimsomea mwenyewe. Alinishika bega, akatoka kwenda kukaa nyuma ya nyumba. Laiti angalinigombeza ningaliweza kumjibu.

Ndiyo maana nimepiga ukelele kwa ajili ya vidole vya miguu, Randu.

Basi nisikilize, mimi shangazi yako niliyekulea pamoja naye. Siku utakayoipata barua hii, usingoje jioni, vua soksi mbele ya mama mwenyeji wako. Mwoneshe vidole. Usitabasamu. Ukiona haya, na uone haya, haya haiui mtu. Akitaka kukupeleka kwa daktari, nenda. Ukiwa na njaa, sema una njaa. Blanketi halitoshi, omba la pili. Ukilemewa na upweke ukataka kurudi, sema, na mimi mwenyewe nitakwenda kwa Mchungaji na kamati yake, waniambie wanachotaka kuniambia.

Kisha msomee barua hii yote kwa Kiingereza, hata mahali panaponiaibisha. Mwambie shangazi yako anamwamkia na kumwomba neno moja: akikuuliza hali ukajibu hujambo, asiende zake. Akae, akuulize tena, na akuulize tena.

Yale niliyokukaripia siku ya mchuzi nimeyafuta. Wewe ndiye uliyekuwa na akili barazani pale. Nilipokuwa namkumbatia mwenzako, mtu aliyestahili makofi alikuwa mtungini.

Baba yako anakusalimu sana. Anataka kukutumia mafuta ya nazi, nimemwambia yataganda njiani, lakini hasikii. Mama yako Mapenzi anakuombea kila jioni. Babu Lewa anasema ukirudi mtakula kiazi kwa mkono. Mwalimu Nicanor na watoto wa shule wanakusalimu. Bi Suad amekufumia soksi za sufu jozi mbili, zinakuja kwa meli. Anakuombea Mungu akuhifadhi, na amesema nikuandikie kwamba kwake unaruhusiwa kulia wakati wowote.

Ukipata nafasi ya kwenda tena kaburini, usimwambie Florence kwamba mama hajambo. Mwambie nimeipata barua yake, na kwamba jibu nililompa silo. Jibu ni hili: mwamshe Bibi Whitlow, mwanangu. Mwamshe sasa hivi.

Mungu wa baba zetu akufunike huko uliko, akurudishe kwa miguu yako yote miwili.

Nami ni yule yule anayekupenda na kukuwaza kutwa,

Shangazi yako,
Kafedha

Ukinijibu, usiniamkie wala usiniulize hali. Mstari wa kwanza uwe wa miguu. Nikifika kwenye salamu kabla ya miguu, nitaichana barua, nami sitaweza kusubiri nyingine.