Hisa Zimepanda, Bati Zimepungua

Mshauri mpendwa, nakuomba unisaidie kabla mnunuzi wa miti hajafika Jumamosi, maana mimi ni baba wa miaka hamsini na mbili, mkulima wa viazi huku Makambako, kichwa kina kipara nje na giza ndani, na mwaka 2015 niliuza nusu ya shamba langu la mipaina kwa milioni mbili nikanunua hisa za kampuni moja ya teknolojia ya Dar es Salaam, hiyo moja tu, na leo hisa zilezile zimefika milioni tatu, basi kwa furaha nikamwambia mke wangu Yunis tuuze na miti iliyobaki tuongeze hisa palepale, naye akaniuliza, "Baba Rejoice, mwaka ule bati moja ilikuwa shilingi ngapi?" nikasema elfu kumi na sita, "Na leo?" nikasema elfu thelathini, akachukua kalamu ya mtoto akanionyesha kwamba milioni mbili za wakati ule zilikuwa bati mia moja ishirini na tano, na milioni tatu za leo ni bati mia moja, halafu akacheka, "Faida yako inavuja, mume wangu," na karatasi ya mauzo amekataa kusaini, sasa mimi nimevurugwa, milioni moja imeongezeka naiona kwenye simu, hizo bati ishirini na tano kachukua nani? Gawio la kila mwaka, nakiri, nimelimalizia kwenye supu na chapati stendi. Je, hii ni faida au hasara?

Damiano, Makambako

Ndugu Damiano, pole, na acha kutafuta mwizi. Wewe si muuza viazi? Mnunuzi akija na lumbesa, gunia lililofumwa kichwa juu, akalihesabu "gunia moja", unapiga kelele mpaka Njombe wanasikia. Mbona shilingi unaihesabu kwa idadi tu, huipimi? Ya 2015 ilikuwa gunia lililojaa, ya leo ni gunia lililolegea. Una magunia mengi, viazi vichache. Ndio mfumuko wa bei huo.

Yunis naye asishangilie sana, kwani si kila kitu kimepanda kama bati. Na gawio ni sehemu ya faida, bwana! Ungelitunza, labda ungezipita bati zake. Umekunywa faida kwa kijiko, sasa unauliza iko wapi. Nisikucheke sana, hata mimi hesabu tulikosana darasa la tano.

Sasa sikiliza. Mpigie mnunuzi leo, asije. Kampuni moja ikiteleza, mtaanguka nayo nyumba nzima. Miti ibaki ikinenepa. Hisa ulizonazo usiziuze kwa hasira. Gawio lijalo mkabidhi Yunis, mliweke pamoja mahali pengine. Kila Desemba ulizeni hisa hizo zinanunua bati ngapi, mbolea mifuko mingapi; idadi ikipungua miaka mitatu mfululizo, ziuzeni taratibu.

Kisha mwombe mkeo radhi. Na sentensi hiyo usiianze na "lakini".