Kwa Masele Maduhu, Mkanyaga Pamba

Mwaka umetimia, mdogo wetu Masele, tangu tulipokulaza kando ya mama pale Samuye. Mvua za Novemba zimerudi na jembe lako tumeliacha pale pale ulipolichomeka, darini. Kalamu nimepewa mimi, dada yako Paskazia. Wenzangu wanasema ni mimi niliyekutumia habari siku ile, basi ni mimi nitakayesema.

Ulikuwa mtu wa nje, wewe. Ulilala mlango wazi hata fisi wakilia karibu na zizi, na Esta mkeo alikuwa akiuegemezea kinu ili angalau apate usingizi. Kula ulikula uani. Ukiitwa ndani kwa mgeni ulisimama kizingitini, ukamwambia shikamoo kutoka hapo hapo, na mama akakutukana kwa mapenzi.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyekwenda kufungiwa sandukuni. Wasomaji wasioijua kazi ya kiwanda cha kuchambua pamba na waelewe: pamba iliyokwisha kutolewa mbegu humwagwa ndani ya sanduku refu la mbao, lenye kina cha kumpita mtu, na mkanyagaji huingia humo akaishindilia kwa miguu mpaka sanduku lijae. Kisha hutoka kwa mlango mdogo wa juu. Hapo wanaume wanane walioko chini husukuma mitaimbo, wakizunguka, na chuma kizito hushuka kikaibana pamba ikawa robota. Walio chini hawamwoni aliye ndani. Wanamsikia tu. Ndiyo maana mkanyagaji huimba tangu anapoingia hadi anapotoka, na wimbo ukikoma wao husukuma.

Uliimba misimu mitano. Uliwataja watu wote kwa vituko vyao, nyapara na kofia yake, Bujiku kiongozi wa mitaimbo na kukoroma kwake, mimi na ulimi wangu. Mgeni wa kazi akishindwa na vumbi ulimtoa ukaingia zamu yake, ingawa sanduku hilo ulilichukia kuliko wote. Ulirudi nyumbani nywele zimejaa nyuzi, mama akasema, "Huyu mzee mwenye mvi ni nani? Mwanangu yuko wapi?" Ulicheka, lakini ulikohoa hadi alfajiri.

Kila msimu uliapa kuwa ni wa mwisho. Mwaka jana ulikuwa umekwisha kukata miti ya zizi jipya, na ukamwahidi Esta kuwa mvua ya kwanza itakukuta shambani. Ndipo mama akaugua. Ukaomba ruhusa, nyapara akakujibu kuwa kipande chako cha kazi kimebakiza siku nne, na anayeondoka kabla ya siku thelathini kutimia kazi yake yote ni bure, na hapokelewi tena. Ulituma salamu: "Mwambieni mayu anisubiri. Siku nne si nyingi." Kwa mama zilikuwa nyingi.

Alifariki alfajiri. Jirani yetu Pantaleo alikuwa anatia hewa baiskeli aende mjini, nikamkimbilia nikamwambia, pita kiwandani umwambie Masele. Ningeweza kungoja. Mwaka mzima nimekuwa nikilala na neno hilo na kuamka nalo.

Pantaleo alikuambia dirishani. Ulimwendea nyapara, naye akasema, "Pole. Maliza robota hili, halafu nenda ukazike." Ukaingia sandukuni. Na kwetu, Masele, mtoto haimbi mama yake akiwa hajazikwa. Ulikanyaga kimya. Bujiku na wenzake walikuwa chini, hakuna aliyewaambia habari ya msiba. Walingoja muda wa sanduku kujaa, hawakusikia wimbo, wakadhani umekwisha kutoka. Wakasukuma.

Walipokusikia na kurudisha chuma, ulikuwa umekwisha kuumia kifua. Ulilazwa hospitali ya Kolandoto, nami nikaja jioni ya pili, nikiwa bado na udongo wa kaburi miguuni. Kitanda chako walikuwa wamekisogeza karibu na mlango. Uliwaomba mwenyewe.

"Mayu amezikwa?" ukaniuliza.

"Amezikwa."

"Vizuri."

Nikakuambia kosa ni langu, ningengoja kazi iishe ndipo nikutumie mtu. Ulinitazama kama zamani nilipokuunguzia michembe ya viazi. "Ungengoja, dada, mama angeingizwa kaburini mimi naimba habari za kofia ya nyapara." Kisha ukasema, "Mwambie Bujiku sikuimba. Asije akadhani niliimba naye hakusikia." Hayo ndiyo yalikuwa ya mwisho kuniambia.

Bujiku, kama unasomewa haya, nilikuambia siku ya matanga nawe ukakaa nje ya uwanja, umeinamisha kichwa. Nakuambia tena mbele ya watu: hakuimba. Njoo kwetu. Usisimame njiani.

Mwezi uliopita, Masele, nilikwenda kiwandani mwenyewe. Nilitaka kuliona sanduku lililokuweka. Nilisimama mlangoni, maana hata mimi sasa nimekuwa mtu wa nje. Wameacha ule utaratibu wa kungoja wimbo ukome. Mkanyagaji akitoka anakuja mpaka kwenye ngazi wote wamwone, na kabla ya kugusa mtaimbo Bujiku anapaza sauti kuuliza, na jina analolitaja ni lako, hata aliyekuwa ndani awe nani.

"Masele, umetoka?"

Hawasukumi mpaka wajibiwe. Siku ile mkanyagaji alikuwa kijana wa Maganzo, kichwa chote cheupe kwa pamba. Nililia, nikamsikiliza akijibu.

Wanaokukumbuka ni mkeo Esta, binti yako Scolastika anayekataa mlango ufungwe, dada yako Paskazia, jirani yako Pantaleo, na Bujiku, ambaye nimemwandika humu bila kumwomba ruhusa. Tutakuwa nawe maisha yetu yote, na kila robota linapofungwa tunajua unaulizwa, na tunajua jibu.

"Nimetoka."