Jina Letu Kwenye Chupa

Fridley, Oktoba 2016

Mjukuu wangu Neema,

Sisi huku ni wazima. Mama yako anachoshwa na zamu za hospitali, lakini anacheka. Baridi imewahi.

Umeniuliza kama uondoe jina letu kwenye chupa za mvinyo unaoutengeneza, maana wenye maduka huko California wanasema jina la Kiafrika haliuziki.

Nilipokuwa kijana Dodoma, nilikuwa kibarua katika shamba la zabibu la mapadri wa Kizungu. Siku ya kupogoa, msimamizi wetu, Mzee Chidumizi, alinipa pingili nne za mzabibu zilizokuwa zichomwe moto.

"Kapande kwenu," alisema.

"Mzee, zabibu ni za Wazungu."

"Kwani mzabibu unajua hilo?"

Baba alizipanda nyuma ya nyumba. Zilipozaa, jirani aliuliza ni zabibu za nani. Baba, mtu wa maneno machache, alijibu, "Zetu." Nilikuwa nimechuma zabibu miaka mitatu bila kulisikia neno hilo.

Uamuzi ni wako, na mvinyo wako nitaunywa kwa jina lolote. Ila jana, dukani Saint Paul, niliona jina la baba yangu kwenye chupa yako rafuni, nikamshukuru Mungu palepale nimesimama.

Babu yako anayekuombea