Kituo cha Mjomba Amani

Hyattsville, Marekani, Jumamosi

Mjukuu wangu Neema,

Natumaini umeamka salama huko Dodoma. Sisi wazima, mama yako kapata kazi mpya, na miguu yangu inavimba kidogo tu.

Uliniuliza kwenye simu: "Bibi, kituo cha Mjomba Amani kikifungwa, si atakaa tu na wewe? Kwani nyumbani kuna ubaya gani?"

Kule Kigoma nilikuwa na dada, Tabu. Akili yake ilibaki ya kitoto, kama ya mjomba wako. Tulipokwenda shamba, mama alimfungia ndani asije akapotea. Siku moja nilirudi mapema kuchukua jembe, nikamsikia anaongea. Nikadhani ana mgeni. Kumbe ameuegemea mlango, anatutaja majina mmoja mmoja, na baada ya kila jina ananyamaza, anasubiri aitikiwe. Mama hakuwa mbaya, Neema. Hakuwa na pa kumpeleka.

Mimi nilipata pa kumpeleka Amani, kituo cha mchana cha watu kama yeye. Hapo kituoni alijifunza kupika uji, kupanda basi, na kuwa na marafiki. Sasa jimbo limepunguza fedha, wahudumu wameondoka, na jana kituo kilifungwa. Wazazi tulikwenda kuomba kisifungwe. Tulisikilizwa kwa heshima, basi. Vituo vingine vimejaa.

Leo Amani kaniuliza, "Mama, Jumatatu gari la kituo linakuja?" Nikamwambia halitakuja. Akaniuliza tena.

Hiyo Jumatatu nina zamu ya usafi hospitalini, na sijapata mtu wa kukaa naye.

Mjomba wako anakusalimu sana.

Bibi yako