Risasi kwenye Mfuko wa Suruali

Nanyuki, Jumanne

Ati leo Esther, mfuaji mwenzangu, ndiye mwalimu! Tangu mwaka jana ni mimi ninayekagua mifuko ya nguo za wanajeshi kabla hatujaziloweka. Lakini memsahibu wetu wa pale kwa dobi akamchagua yeye awafundishe wanawake wapya hatari za kazi, eti kwa sababu anajua Kiingereza.

Alifundisha vizuri, nakubali shingo upande. Pasi ya makaa, mvuke, sakafu yenye sabuni. Kisha akasema, "Mkipata risasi mfukoni, mniletee."

Nilijua papo hapo amekosea. Siku hizi za Imajensi, hii hali ya hatari iliyotangazwa na serikali, sisi Wakikuyu tukishikwa na risasi hata moja, tunanyongwa. Risasi haibebwi. Unaiacha ilipo, unainua mikono, unaita watu.

Nilinyamaza. Nilitaka aaibike mbele ya memsahibu.

Saa nane Nyambura, mmoja wa wale wapya, akaipata moja. Akaifumba mkononi, akaelekea mlangoni kumtafuta Esther, na nje pale askari wa geti amesimama na bunduki yake.

"Nyambura! Rudi! Iweke chini!" nikamwita.

Akairudisha mezani kabla askari hajageuka. Ana watoto wanne, huyo mama.

Esther alikuja mbio, akanikumbatia huku akilia. "Wairimu, mbona hukunisahihisha asubuhi?"

Nikamwambia nilikuwa mbali, sikusikia.

Nilisikia kila neno.