Asiporudi

Tarehe 3 Machi, mwaka wa thelathini na moja tangu niondoke

Mpwa wangu,

Hujambo? Magoti ya mama yako yanaendeleaje? Mimi mzima, ila kikohozi kimenizoea.

Unasema sigma-aljebra ya somo lako la uwezekano imekushinda. Weka alama za hesabu kando kwanza. Chukulia ni mkusanyiko wa maswali unayoruhusiwa kuyapima. Swali likiwemo, kinyume chake lazima nacho kiwemo: ukipima uwezekano wa mvua kunyesha, huwezi kukataa kupima wa kutonyesha. Tena maswali yakipanga foleni, la kwanza, la pili, la tatu, hata kama foleni haina mwisho, yaunganishe kwa “au”. Swali hilo kubwa nalo limo. Ongeza lile linalokusanya kila linaloweza kutokea, basi, umemaliza.

Mwakani nikija nitakufundisha mwenyewe.

Mjomba wako

*

20 Machi

Shikamoo mjomba,

Kikohozi hicho ukatibiwe, usikifuge. Sisi hatujambo, kwa kiasi.

Nimeelewa! Nilimweleza mama akiwa anapiga pasi shuka za kitanda chako. Ndiyo, bado anazibadilisha kila Jumamosi, na hakuna anayezilalia. Akacheka: “Huyo kaka yangu ukimuuliza kama amekula, anakujibu kwa hesabu.”

Ila mfano wa mvua nimeuacha, nimechukua wa kwetu. Tangu nizaliwe tunauliza: atarudi mwaka huu? Ujao? Wa baada ya huo? Nikayaunganisha: atarudi mwaka wowote? Basi kwa sheria yako, kinyume chake nacho kimo. Nikakitamka mezani.

Mama akaweka kijiko chini. “Shika adabu yako. Hilo haliulizwi nyumba hii.”

Mjomba, wiki iliyopita aliteleza kwenye ngazi. Chumba chake kiko juu, na daktari amemkataza kupanda. Chumba kilichoko chini ni hicho chako tu, na kukihamia hataki: “Kaka akija atalala wapi?” Analala kwenye kiti, sebuleni.

Mpwa wako

*

18 Aprili

Shikamoo mjomba. U mzima? Hujajibu. Mama bado yuko kwenye kiti, na sasa miguu imevimba. Mimi hanisikii. Wewe atakusikia.

Mpwa wako

*

2 Mei

Dada yangu,

Salamu nyingi. Nimeambiwa habari za miguu yako, na hii nakuandikia wewe, si mtoto.

Barua hii nimeianza mara kadhaa, na kila mara mkono umeandika “mwakani”. Najua walionifukuza nchini hawapo tena madarakani. Lakini safari yenyewe imenishinda, dada, na huku ndiko nilikozeekea. Nasahihisha karatasi za wanafunzi, na kila asubuhi jirani hunigongea ukuta kujua kama nimeamka. Nisipogonga nami, anakuja na ufunguo. Usinihurumie sana.

Leo hii hamia chumba cha chini. Kitanda kisogeze dirishani upate jua. Hizo shuka zilalie wewe, zimepigwa pasi vya kutosha.

Na mtoto usimgombeze. Aliuliza swali halali, na anayepaswa kulijibu ni mimi.

Ni mimi kaka yako, na sitarudi.