Ngisi wa Chini Kabisa

Jumapili, Kilungu

Sijui kwa nini nilimwonyesha Mama ile picha ya kazini. Ngisi mdogo kama kidole gumba, anayeishi chini kabisa baharini, kwenye matope na giza. Nikamweleza vile meli hukokota nyavu huko chini na kumvurugia makao.

"Ni kama malori ya mchanga mtoni kwetu," akasema. "Walibeba mchanga, na maji yakapotea. Sasa wewe kazi yako ni kuwasaidia hao ngisi?"

"Ni kuwapima urefu, Mama."

"Wakiwa hai?"

Nilitamani kudanganya. Nikamwambia huletwa na nyavu hizo hizo, wakiwa wamekufa.

Akaniongezea muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, kwenye sahani, vile yeye huwapakulia waliofiwa.